Je, Wajua? Jua la Uluguru Linakufuata Hadi Kwenye Damu

Sogea hapa, msomaji, leo nina mambo ya jua na damu, na kila moja lina utamu wake.

Je, wajua kwamba ukipanda kutoka Morogoro mjini hadi kilele cha Lupanga, jua linakupiga kwa nguvu zaidi ingawa mwili unatetemeka kwa baridi? Mji uko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, Lupanga iko mita 2,138. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Na Lupanga siyo mwisho: Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote Uluguru, kimefika mita 2,630!

Utasema huko juu kuna ukungu siku nzima. Ukungu haukuokoi! Wingu jepesi linaweza kupitisha hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo. Joto linabaki juu ya wingu, urujuanimno unashuka nawe hadi shambani.

Nani aliigundua? Mjerumani Johann Ritter, mwaka 1801. Aliweka chumvi ya fedha mahali penye giza, nje kidogo ya rangi ya mwisho ya upinde wa mvua, akaona chumvi inageuka kuwa nyeusi haraka kuliko kwenye rangi zenyewe. Mwanga upo, jicho halina habari!

Mionzi hii ina ndugu watatu. Wa kwanza, mkali kuliko wote, anazuiwa na tabaka la ozoni huko juu angani, hafiki hata kilele cha Bondwa. Wa pili anaishia sehemu ya juu ya ngozi, na ndiye anayekuunguza. Wa tatu ni mpole kwa sura lakini anazama hadi ndani, kule mishipa midogo ya damu inakopita. Kwa hiyo ukikaa juani, damu yako nayo inaota jua. Ulijua hilo?

Haya, twende ndani ya damu yenyewe.

Je, wajua kwamba zaidi ya nusu ya protini zote zilizo kwenye majimaji ya damu yako ni protini moja tu? Inaitwa albumini. Inatengenezwa na ini, gramu 10 hadi 15 kila siku, na kila molekuli yake ni mnyororo wa vipande 585. Katika vipande hivyo 585, kimoja tu, cha 214, ni triptofani, kile kipande ambacho urujuanimno hukipenda kuliko vyote. Kimoja! Na kimoja hicho kinatosha: ukikimulika kwa urujuanimno, kinarudisha mwanga wake chenyewe. Albumini yako inang'aa, ndugu yangu, ila inang'aa kwa rangi ambayo jicho la binadamu haliioni.

Wataalamu wa dawa wanautumia mng'ao huo kama jicho la ndani. Dawa nyingi husafiri mwilini zikiwa zimebebwa na albumini, na dawa ikipanda juu ya albumini, mng'ao hubadilika. Kwa hiyo mtu wa maabara anaweza kujua dawa imekaa sehemu gani ya protini bila kuigusa. Na ukitaka kujua kuna protini kiasi gani ndani ya kichupa? Pitisha urujuanimno, pima ni kiasi gani kimemezwa, umepata jibu. Maabara za dunia nzima hufanya hivyo kila siku.

Mionzi ikizidi, hadithi inageuka. Protini ni mnyororo uliokunjwa kwa ustadi, na kazi yake yote inategemea mkunjo huo. Urujuanimno mkali unavunja viungo vyake, mkunjo unafumuka, protini zinaanza kushikana. Umewahi kutazama ute wa yai ukigeuka mweupe kwenye kikaango? Ute wa yai nao umejaa albumini, na kilichotokea pale ni ndugu wa jambo hili: mkunjo umepotea, na haurudi.

Sasa shika hapa, maana hili linawashangaza wengi. Kwenye filamu za upelelezi utaona askari anawasha taa ya urujuanimno na damu inang'aa ukutani. Si kweli! Damu chini ya taa hiyo haing'ai hata kidogo. Inaonekana nyeusi tititi. Himoglobini, ile protini nyekundu, inaumeza mwanga huo ukaisha. Na himoglobini unayo ya kumwaga: seli moja nyekundu ina molekuli zake kama milioni 270. Seli moja tu!

Nge naye? Mmulike usiku kwa tochi ya urujuanimno, kwenye mawe ya mashambani chini ya Uluguru au popote pale, atang'aa rangi ya kijani na buluu kuanzia mkia hadi koleo. Hata aliyekufa zamani anang'aa, kwa sababu mng'ao umo kwenye gamba lake. Aliyejivua gamba leo hang'ai mpaka gamba jipya likomae. Na damu yake? Ni ya buluu! Badala ya himoglobini yenye chuma, ana protini yenye shaba, nayo ikipata hewa inakuwa buluu. Konokono unayemtoa kwenye mchicha ana damu ya namna hiyohiyo.

Tukiwa hapo hapo shambani: zile ndizi zinazoshuka kutoka Kinole kuja Soko la Chifu Kingalu, zikiiva zinang'aa buluu chini ya taa ya urujuanimno. Mbichi hazing'ai hivyo. Jambo hili lilitangazwa na wanasayansi mwaka 2008 tu, ingawa binadamu amekula ndizi kwa maelfu ya miaka. Kisa ni ile rangi ya kijani ya ganda, inapovunjika huacha mabaki yenye mng'ao. Sina budi kuisema hata kama ndizi haina damu!

Turudi kwenye damu. Je, wajua kwamba urujuanimno unaweza kuua vijidudu vya malaria ndani ya chupa ya damu? Huko Kumasi, Ghana, watafiti walichukua damu ya kuongezewa wagonjwa, wakachanganya na vitamini B2, ile ya kawaida kabisa inayopatikana kwenye maziwa, wakaimulika. Vitamini ikishirikiana na mwanga inaharibu vinasaba vya kijidudu, kisizaliane tena. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Kati ya wagonjwa 37 waliopewa damu yenye vijidudu ambayo haikumulikwa, 8 walipata malaria. Kati ya 28 waliopewa iliyomulikwa, alipata 1 tu. Fikiria maana yake kwetu sisi, watu wa mkoa wenye bonde la Kilombero, tunaoijua malaria kwa jina na kwa sura!

Lakini protini za damu hulipa gharama. Ukiimulika damu ili kuua vijidudu, protini za kugandisha damu zinaumia kidogo kidogo. Ndiyo maana dozi ya mwanga inapimwa kwa uangalifu mkubwa: ikiwa ndogo, kijidudu kinapona, ikizidi, damu yenyewe inaharibika. Marekani waliyaonja hayo mapema. Miaka ya 1940 walimulika majimaji ya damu wakitumaini kuua virusi vya homa ya ini, na wagonjwa wakaendelea kuugua. Miaka ya 1950 wakaiacha njia hiyo.

Kuna hata tiba ambayo damu ya mgonjwa inatolewa kupitia mrija, seli zake nyeupe zinachanganywa na dawa inayoamshwa na mwanga, zinamulikwa, kisha zinarudishwa mwilini mwake mwenyewe. Ilitangazwa mwaka 1987 kwa ajili ya saratani fulani ya seli nyeupe inayojitokeza kwenye ngozi, na bado inatumika. Damu inatoka nje, inaota mwanga, inarudi nyumbani!

Na dawa ile inayoamshwa na mwanga, unajua jamii yake inapatikana wapi tena? Kwenye ndimu. Ndiyo, ndimu hiyo hiyo ya kwenye kachumbari. Kamua ndimu kwa mikono mitupu, usinawe, ukae juani mchana kutwa. Kesho yake au keshokutwa ngozi inaweza kuwaka, ikatoa malengelenge na baadaye mabaka meusi yanayokaa wiki kadhaa. Wewe utamlaumu mdudu, kumbe ni ndimu na jua vimekutana juu ya mkono wako. Mama unayekamua ndimu za juisi barazani, nawa kwanza.

Je, wajua kwamba jua linatengeneza kitu ngozini na damu inakipokea? Vitamini D. Urujuanimno unaigonga aina moja ya mafuta iliyomo ngozini, mafuta yanageuka kuwa vitamini, na vitamini inaingia kwenye damu. Haisafiri peke yake: ina protini yake maalumu ya kuibeba. Ajabu ni kwamba chini ya asilimia 5 ya protini hizo ndizo zimebeba mzigo wakati wowote ule. Zilizobaki hazijakaa bure. Seli zikiumia na kumwaga uchafu wake kwenye damu, protini hizo hizo ndizo zinazoukamata na kuuondoa.

Na nani ana vitamini hiyo kwa wingi? Ni sisi, Watanzania! Mwaka 2012 ilichapishwa kazi iliyopima damu ya Wamasai 35 na Wahadzabe 25 wanaoishi maisha ya asili. Wastani ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Huko Ulaya, watu wengi wanahangaika kufika 50. Watafiti wa nchi zenye baridi wanapojiuliza kiwango cha asili cha binadamu ni kipi, wanatazama damu ya watu wa Tanzania. Hiyo si heshima ndogo.

Utauliza: basi nikikaa juani siku nzima, vitamini D itanizidi? Hapana. Jua linaloitengeneza ndilo linalovunja ya ziada ikiwa bado ngozini. Mizani imo ndani yako.

Lakini dirisha la kioo linaharibu hesabu. Kioo kinamzuia yule ndugu wa pili anayetengeneza vitamini, kinamwachia yule wa tatu anayezama ndani. Dereva wa daladala wa Msamvu anayeegemeza mkono dirishani kioo kikiwa kimefungwa hapati vitamini D, ila mkono unazeeka taratibu. Upande mmoja hasara, upande wa pili hasara tena!

Foliki nayo ina kisa. Hii ndiyo vitamini inayohitajiwa sana na mama mjamzito, ile iliyomo kwenye mchicha na maharage. Mwaka 1978 watafiti walichukua majimaji ya damu ya binadamu, wakayaweka chini ya mwanga mkali ulioiga jua. Ndani ya dakika 60, kati ya asilimia 30 na 50 ya foliki ilikuwa imepotea. Saa moja tu! Wengi wanaamini hiyo ni sababu mojawapo iliyoifanya ngozi ya binadamu wa maeneo ya tropiki iwe nyeusi: melanini, ile rangi ya ngozi, inaikinga damu na hazina yake. Ngozi yako nyeusi inafanya kazi sasa hivi, unaposoma mstari huu.

Na weusi wetu si wa aina moja. Mwaka 2017 ilitoka kazi kubwa iliyopima ngozi za watu 2,092 wa Ethiopia, Tanzania na Botswana. Ilionyesha kwamba baadhi ya vinasaba vya ngozi nyeupe na vya ngozi nyeusi vyote viwili vilizaliwa Afrika, tena zamani mno, miaka laki kadhaa iliyopita. Yaani rangi zote za ngozi zina shina hapa.

Sasa mtazame mwenzetu mwenye ualbino, maana yeye jua hili linampiga bila ngao. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu 16,477 Tanzania nzima. Bila kinga, saratani ya ngozi inaweza kumwanza akiwa bado kijana. Lakini je, wajua kwamba Tanzania inatengeneza mafuta yake yenyewe ya kukinga jua kwa ajili yao? Yanaitwa Kilisun, yanatengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, na yalibuniwa kwa ngozi zao na kwa jua letu. Hili nalipenda kuliko mengine yote niliyoandika leo. Ukimwona mtoto mwenye ualbino anacheza uwanjani saa saba mchana bila kofia, usipite. Mvalishe.

Ngoja, sijamaliza habari ya watoto. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Uingereza, muuguzi mmoja, Sista Ward, alikuwa na kawaida ya kuwatoa watoto njiti nje wapate hewa na jua. Siku moja akamfunua mtoto mwenye manjano mbele ya daktari. Mwili wa mtoto ulikuwa umepauka vizuri, isipokuwa kipande kimoja cha pembe tatu kilichobaki cha manjano kabisa. Daktari akauliza, mmempaka nini? Hawakumpaka kitu. Pale ndipo kona ya shuka ilipokuwa imemfunika!

Haikuishia hapo. Kichupa cha damu ya mtoto mwingine mwenye manjano kilisahaulika dirishani, juani. Kilipopimwa, ile rangi ya manjano, bilirubini, ilikuwa imeshuka ajabu. Daktari Cremer na wenzake wakaunda taa, wakachapisha matokeo mwaka 1958, na leo taa za namna hiyo ziko kwenye wodi za watoto wachanga duniani kote. Bilirubini husafiri ikiwa imeshikwa na nani? Na albumini ile ile! Mwanga unaibadilisha umbo, inayeyuka kwenye maji, mwili unaitoa bila ini kulazimika kuibadilisha kwanza. Na ndiyo maana ukienda maabara leo kupimwa manjano, kichupa chako kinatakiwa kikae gizani: kikipigwa na mwanga, jibu linashuka kabla hata hakijafika mezani.

Lakini sikiliza vizuri: mwanga unaotibu manjano ni wa buluu, si urujuanimno. Mwaka 2015 madaktari wa Lagos, Nigeria, walionyesha kwamba jua lililochujwa kwa karatasi maalumu ya plastiki, urujuanimno ukabaki nje, linatibu sawa na taa za umeme. Jua tupu la uani halijachujwa. Mtoto wako akiwa wa manjano, usimwanike kama dawa, mpeleke hospitali leo hii.

Macho nayo? Fundi wa kuchomelea vyuma anayefanya kazi bila miwani anaweza kulala vizuri akaamka usiku anahisi mchanga umejaa machoni. Ni urujuanimno wa ile cheche, umeunguza ngozi ya juu ya jicho, na maumivu huchelewa saa kadhaa. Miaka mingi ya jua kali nayo inaharibu protini za lenzi ya jicho, na hizo ndizo zinazokuja kuwa mtoto wa jicho. Protini za lenzi hazibadilishwi: ulizo nazo katikati ya lenzi yako leo ulizaliwa nazo.

Na kifua kikuu? Robert Koch alisema tangu 1890 kwamba jua linaua vijidudu vyake. Hapa Morogoro tuna msaidizi mwingine: panya buku wanaofunzwa na shirika la APOPO katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Panya mmoja anaweza kunusa sampuli 100 za makohozi kwa dakika 20. Mtu mwenye hadubini anahitaji siku nne hivi. Wenzao wananusa mabomu ya kutegwa ardhini. Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipata nishani ya dhahabu ya wanyama mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, na Ronin, naye wa kutoka huku kwetu, alimzidi kwa kufichua mabomu 109.

Na haya ndiyo niliyotaka uyasikie: panya hao hupakwa mafuta ya kukinga jua! Panya buku ni mnyama wa usiku, masikio yake na mkia wake havina manyoya ya kutosha, na ngozi pale ni nyembamba, damu ipo karibu. Kwa hiyo hufanya kazi asubuhi na mapema, na kabla ya kuingia uwanjani mwalimu wake anamshika, anampaka masikio, anampaka mkia, ndipo anamwachia. Panya anapakwa losheni, na wewe unakwenda milimani Mgeta siku nzima kichwa wazi?

La mwisho, na hili unaweza kulijaribu mwenyewe. Mara mbili kwa mwaka jua linapita wima juu ya Morogoro: mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Simama uwanjani siku hizo mnamo saa sita na nusu mchana, au chomeka fimbo ardhini ikae wima. Kivuli chake kitakuwa hakipo. Siku hizo urujuanimno uko kileleni, kwa hiyo vaa kofia kwanza.